Sangari, Ng'ombe na Bomba la Dawa: Historia ya Magugu Katika Vilima vya Gusii

Sangari ni nyasi fupi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambayo wataalamu wa mimea huiita Digitaria abyssinica. Juu ya ardhi haitishi: majani membamba na masuke machache yaliyotanuka. Nguvu yake iko chini, kwenye mashina meupe, magumu, yenye vifundo, yanayotambaa na kushuka kina ambacho jembe la mkono halifiki. Kifundo kikikatwa na kuachwa udongoni huchipua mmea mpya, ndiyo maana shamba lililolimwa ovyo msimu huu hurudi na sangari nyingi zaidi msimu ujao. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huila kwa hamu. Chini ya kwato zao ni malisho; plau ikishapita hapo, nyasi ileile inakuwa gugu sugu kuliko yote. Kwa sababu hiyo, katika Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Abagusii magharibi mwa Kenya, historia ya kupambana na magugu imeandamana na historia ya mifugo: ng'ombe walichungwa wapi, walifungiwa lini, na kazi ya kupalilia ilibaki mikononi mwa nani.

Mazingira yenyewe hayamsaidii mkulima. Sehemu kubwa ya vilima hivi iko kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mvua ni nyingi, kwa misimu miwili ambayo karibu haina mwezi mkavu kati yake. Mahali penye kiangazi kirefu jua humsaidia mkulima kwa kuyakausha magugu yaliyong'olewa. Gusii gugu lililong'olewa asubuhi na kutupwa kando linaweza kunyeshewa jioni na kushika mizizi tena.

Katika karne ya 19 ardhi ilikuwa bado pana, na mifugo na mazao havikukaa mahali pamoja. Watu waliooa waliishi nyumbani pamoja na watoto na mashamba ya wimbi, ilhali sehemu kubwa ya ng'ombe ilikuwa mbali, kwenye kambi zilizoitwa ebisarate. Egesarate moja ilikuwa boma lililozungushiwa ua imara, likilindwa na vijana ambao hawajaoa, na kambi nyingi zilikuwa karibu na mipaka ambako Wakipsigis na Wamaasai waliweza kuvamia. Mpango huo ulikuwa wa kijeshi kabla ya kuwa wa kilimo. Hata hivyo ulikuwa na matokeo yake juu ya nyasi: mbuga za pembezoni zililishwa kwa wingi na mfululizo, mbolea ikarundikana maboma yalipokuwa, na mashamba ya nyumbani yakabaki na mifugo michache tu.

Wimbi ndio uliotawala mashamba hayo, na ni zao linalodai palizi kuliko mahindi. Mbegu ilimwagwa, haikupandwa kwa mistari, na miche michanga ilifanana mno na wimbi mwitu ulioota katikati yake. Kuitofautisha kulihitaji jicho la mtu aliyezoea, akiwa ameinama, akitumia kijembe kidogo au vidole vitupu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na haikufanywa na mmoja peke yake. Majirani wachache waliunda egesangio, kikundi kilichozunguka kutoka shamba la mmoja hadi la mwingine kwa zamu. Kazi ilipokuwa kubwa, mwenye shamba aliita risaga, mkusanyiko wa kitongoji kizima uliolipwa kwa pombe ya wimbi. Katika kipindi hicho silaha kuu dhidi ya magugu ilikuwa mikono mingi kwa siku chache zinazofaa.

Ng'ombe walikuwa na nafasi yao baada ya mavuno. Masuke ya wimbi hukatwa kwa kisu na mabua huachwa yamesimama. Mifugo iliyokuwapo nyumbani iliingizwa kula mabua pamoja na majani yote yaliyoota chini yake. Shamba lililochoka liliachwa, likafunikwa kwanza na magugu ya majani mapana, kisha na nyasi, sangari ikiwa miongoni mwa za mwanzo, likawa malisho kwa miaka kadhaa hadi liliporudiwa. Kurudi kulimaanisha kuchimbua mashina ya sangari na kuyachoma moto. Gharama hiyo ilivumilika kwa sababu haikulipwa kila mwaka.

Utaratibu huu ulivunjwa kwa mapigo yaliyofuatana ndani ya kizazi kimoja. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kote Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi kuwaadhibu Abagusii, na mwaka 1907 wakajenga boma la utawala mahali ulipo mji wa Kisii leo. Januari 1908, Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote. Northcote alipona, lakini adhabu iliyofuata iliteketeza nyumba na kuchukua maelfu ya ng'ombe. Septemba 1914, baada ya mapigano ya Wajerumani na Waingereza mjini Kisii, mji uliporwa, na wenyeji wakatozwa ng'ombe tena. Kwa historia ya malisho, hata hivyo, tukio zito kuliko hayo yote lilikuwa la amri tu: mnamo 1912 na 1913 serikali ilizifunga ebisarate. Iliziona kuwa vituo vya vijana wasio na kazi na wizi wa mifugo. Ng'ombe waliosalia walirudishwa nyumbani, na tangu hapo mnyama na shamba vikagombea ardhi moja.

Mgongano huo haukuonekana mara moja. Hadi miaka ya 1930 bado kulikuwa na miteremko na mabonde yaliyochungwa kwa pamoja na jamaa wa ukoo mmoja. Lakini plau ya kukokotwa na maksai ilikuwa imeanza kuenea, na mahindi yakaufuata wimbi kisha kuupita. Plau iliongeza ekari zilizolimwa bila kuongeza watu wa kuzipalilia, na ilifanya jambo ambalo jembe la mkono halikulifanya: iliyakata mashina ya sangari vipande vipande na kuyasambaza shamba zima. Maksai waliokuwa walaji wa nyasi hiyo wakawa wasambazaji wa gugu. Ubavu wa mlima ukilimwa mfululizo kwa plau bila mtu kufuata nyuma akiokota mashina, sangari hushinda zao lenyewe.

Kahawa ilizidisha tatizo. Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa aina ya arabika, katikati ya miaka ya 1930, pamoja na Meru na Embu. Kahawa ni mti wa kudumu. Shamba lake haliachwi likageuka malisho, wala ng'ombe haingizwi kula chini ya miti. Mizizi yake ya kulishia iko karibu na uso wa udongo, mahali palepale sangari inapojisuka. Ukichimba kwa nguvu unaikata mizizi ya kahawa. Usipochimba, sangari inanyonya maji na mbolea. Dawa iliyojulikana ilikuwa jembe la meno, lililoingizwa taratibu na kunyanyuliwa ili lilegeze udongo na kuyavuta mashina mazima bila kuyakatakata, kisha mashina yakakusanywa na kuanikwa juu ya mawe au kuchomwa. Ni kazi ya siku nyingi kwa kipande kidogo. Maofisa wa kilimo, kwa upande wao, walihimiza mikanda ya nyasi iachwe bila kulimwa kukatiza mteremko ili izuie mmomonyoko. Udongo uliokolewa, lakini mkanda huohuo ulikuwa ghala la sangari katikati ya shamba, na mkulima aliyenung'unika hakuwa mvivu kama ripoti nyingi za wakati ule zilivyopenda kusema.

Katika miaka ya 1940 na 1950 ardhi ilizungushiwa ua. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Gusii katika miaka ya 1940, alieleza jamii ambayo bado ilipanga haki za ardhi kwa misingi ya ukoo. Robert na Barbara LeVine walipofanya utafiti wao katika miaka ya 1955 hadi 1957, walikuta kila mwenye boma amekwisha kutenga shamba lake na malisho yake. Kazi ya kuchunga ilikuwa ya watoto, wavulana hasa, waliowazuia ng'ombe wachache wasivuke na kula mahindi ya jirani. Mipaka ilipandwa mnyaa, miiba na lantana. Uamuzi huo ulikuja kuwa na gharama. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki kama ua la bustani. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, ng'ombe huikwepa kwa kuwa majani yake yana sumu ya ini, na kila mwaka wigo usipokatwa hujongea hatua moja ndani ya malisho. Malisho yaliyofungwa na kulishwa mwaka mzima na ng'ombe walewale huonyesha kasoro yake upesi: mnyama huchagua, hula kilicho kitamu hadi shinani, na kuyaachia mtunguja, lantana na mengineyo nafasi ya kutawala.

Wakati huohuo kemia ilikuwa inaingia katika kilimo cha dunia. Dawa iitwayo 2,4-D, iliyogunduliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuuzwa kuanzia katikati ya miaka ya 1940, iliua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Katika miaka ya 1950 ikaja dalaponi, iliyofanya kinyume chake kwa kuua nyasi, na mashamba makubwa ya kahawa na chai ya Afrika Mashariki yaliitumia hasa dhidi ya sangari. Mwaka 1962 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza parakwati kwa jina la Gramoxone. Mwaka 1967 G. W. Ivens alichapisha kitabu cha magugu ya Afrika Mashariki na udhibiti wake, na muda si mrefu maofisa wa kilimo na mameneja wa mashamba wakawa wanakitegemea.

Katika nyanda kavu za Kenya watafiti wa miaka ya 1950 na 1960 walikwenda mbali zaidi na kuzichanganya silaha. D. J. Pratt na wenzake walijaribu kuurudisha nyuma msitu wa leleshwa na migunga uliovamia malisho kwa dawa, moto, ukataji na malisho yaliyopangwa, na walichunguza jinsi mbuzi wanavyoweza kula machipukizi yanayoota baada ya mti kukatwa au kuchomwa. Somo lilifanana na lile ambalo Marekani ilikuja kulipata kwa kutumia kondoo na mbuzi pamoja na dawa dhidi ya magugu vamizi ya mbuga za magharibi: dawa peke yake hupiga mara moja na gugu hurudi, mnyama peke yake huchagua anachokitaka, lakini mnyama akifuata dawa, au dawa ikimfuata mnyama, gugu halipati nafasi ya kujenga akiba mizizini. Mbuga za namna hiyo hazikuwapo tena Gusii. Isipokuwa sehemu moja.

Sehemu hiyo ni Borabu, ukanda wa mashariki wa Nyamira ya sasa, ambao wakati wa ukoloni ulikuwa sehemu ya mashamba ya Wazungu wa Sotik. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, chini ya mpango mkubwa wa makazi uliojulikana kwa jina la ekari milioni moja, mashamba hayo yalinunuliwa na kugawiwa walowezi wa Kigusii katika skimu kama Nyansiongo, Manga, Matutu, Mekenene na Isoge. Waliopata viwanja walipata ekari nyingi kuliko ndugu zao waliobaki Kitutu au Nyaribari, na walikopeshwa fedha za kununua ng'ombe wa gredi. Maziwa yalikuwa na soko kupitia kampuni ya maziwa ya KCC. Hapa ng'ombe alirudi kuchungwa kwenye uwanja wenye uzio wa seng'enge, na mfugaji alilazimika kuyaangalia malisho kama zao.

Kwenye malisho ya namna hii ndipo ng'ombe na dawa vinaweza kweli kufanya kazi pamoja, na kanuni zake zinajulikana. Nyasi ikiwa nzuri na magugu yakiwa ya majani mapana, 2,4-D hupulizwa magugu yakiwa machanga, mifugo ikiwa imetolewa. Nyasi inabaki na kujaza mapengo, na ng'ombe hurudi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zikiisha. Kusubiri huko kuna sababu nyingine zaidi ya mabaki ya dawa kwenye maziwa. Baadhi ya mimea yenye sumu, ambayo ng'ombe kwa kawaida huinusa na kupita, huwa mitamu inaponyauka baada ya kupulizwa, na mnyama aliyeikwepa maisha yake yote akaila siku hiyo. Malisho yakiwa yamechakaa na kumezwa na sangari, mpangilio hugeuka. Ng'ombe huingizwa kwanza wakaile hadi chini, hutolewa, nyasi huachwa ichipue upya kiasi cha shubiri, ndipo hupulizwa dawa inayosafiri hadi mizizini. Sangari nzee iliyokauka juu hainywi dawa. Ile iliyochipua baada ya kuliwa huipeleka hadi vifundo vya chini kabisa. Jino la ng'ombe ndilo linaloiandaa nyasi ili sumu ifike.

Borabu haikukaa kwa utulivu kila wakati. Ghasia za ardhi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika mpaka wa Borabu na Sotik, pamoja na wizi wa mifugo uliofuata, ziliwafanya wafugaji wengi kulaza ng'ombe karibu na nyumba na kuyaacha malisho ya mpakani. Malisho yanayoachwa huota lantana na vichaka. Baadaye warithi waligawana viwanja, na ekari 30 za baba zikawa ekari chache za kila mwana.

Kwingine Gusii, chai na pareto zilikwisha kumaliza malisho. Pareto ilipandwa na wakulima wadogo kwa wingi hadi Kisii ikawa miongoni mwa wilaya zilizoongoza nchini. Chai, iliyoanza kwa wakulima wadogo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kusimamiwa na mamlaka ya chai ya KTDA tangu 1964, ilishika miteremko ya juu ya Nyamira, Kitutu na Nyaribari. Mchai mchanga una miaka miwili au mitatu ya hatari, ambapo kila pengo kati ya miche huota kongwe, mbangi mwitu na sangari. Ukishafunga kivuli, magugu hufa yenyewe. Ndiyo maana parakwati ilipata mlango Gusii kupitia chai changa na kahawa kabla ya mahindi: ilichoma majani mabichi ndani ya siku moja, udongo uliifunga isiidhuru mizizi ya zao, na mtu mmoja mwenye bomba la mgongoni alimaliza kabla ya saa nne kazi ambayo ingechukua egesangio nzima siku mbili. Sangari ilichomwa juu na kurudi baada ya wiki kadhaa. Hilo halikuwazuia watu kuinunua.

Mtoto mchungaji naye alikuwa ameondoka. Ada ya madarasa ya mwanzo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1974, na elimu ya msingi bila malipo ikatangazwa tena mwaka 2003. Kati ya miaka hiyo kuchunga kulikoma kuwa kazi ya kila siku ya mvulana. Ng'ombe akafungwa kamba kando ya barabara au akaingizwa bandani. Mradi wa kitaifa wa kuendeleza maziwa, uliofadhiliwa na Uholanzi kuanzia 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, uliueneza ufugaji wa bandani katika wilaya zenye mvua nyingi: banda lenye sakafu ngumu, hori, kitanda cha kila ng'ombe, na nepia iliyopandwa kwa kipimo cha kumlisha. Nepia yenyewe haikuwa ngeni. Ilikuwa ikitumika kutandaza kwenye kahawa na kushika kingo za matuta. Sasa ikawa zao kamili, wakati mwingine ikichukua sehemu kubwa ya shamba kuliko mahindi.

Jambo ambalo miongozo ya mradi haikulipa uzito ni kwamba ng'ombe wa bandani aliifanya palizi kuwa mavuno. Nepia haitoshi mwaka mzima kwenye shamba la ekari moja au mbili. Kinachojaza hori ni majani yanayotoka kati ya mistari ya mahindi, maharagwe na migomba. Mwanamke anayepalilia hutenganisha papo hapo: kongwe, mchicha mwitu na sangari iliyong'olewa na kukung'utwa udongo huingia kwenye gunia la ng'ombe, mbangi mwitu hutupwa kwa sababu harufu yake huhamia kwenye maziwa, mtunguja na mnanaha hutupwa mbali zaidi kwa sababu ya sumu. Mzigo hauendi horini moja kwa moja. Huachwa kivulini unyauke, maana majani mabichi yenye umande humvimbisha ng'ombe tumbo. Kwa kongwe hii ndiyo njia bora ya kuimaliza, kwani shina lake lenye maji likitupwa njiani huota tena hata baada ya siku kadhaa za jua. Kasoro iko kwenye samadi. Mbegu za mchicha mwitu na nyasi nyingi hupita tumboni zikiwa hai, na mbolea inayotolewa bandani na kumwagwa mbichi kwenye mahindi huyarudisha magugu yaleyale shambani. Iliyorundikwa ikapata joto na kuoza huua nyingi.

Nepia ilipata adui wake katika miaka ya mwisho ya 1990, ugonjwa wa kudumaa uliogunduliwa magharibi mwa Kenya na kuenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Majani hugeuka manjano, shina linakuwa fupi lenye machipukizi mengi membamba, na baada ya kukatwa mara chache mmea hufa. Shamba la nepia iliyodumaa hujazwa na magugu upesi, na familia nyingi zilirudi kutegemea majani ya kuokoteza.

Kwenye kingo za chini za Gusii, Bonchari na Mugirango Kusini zinakoshuka kuelekea Homa Bay na Migori, kuna gugu la aina nyingine: kiduha, ambacho majirani Wajaluo hukiita kayongo. Kiduha hakishindani na mahindi juu ya ardhi. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, husubiri udongoni hata zaidi ya miaka 10, na huota inapohisi kemikali zinazotoka kwenye mzizi wa hindi. Kisha hujishika kwenye mzizi huo na kunyonya. Maua yake ya zambarau yanapoonekana, hasara imekwisha kutokea. Kung'oa wakati huo huzuia tu mbegu za mwaka ujao.

Majibu mawili ya kisayansi yaliyotolewa dhidi yake yanaonyesha njia mbili za historia hii zikisimama bega kwa bega. La kwanza lilitoka kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, pwani ya Ziwa Victoria, kwa ushirikiano na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza, katika miaka ya 1990. Zeyaur Khan na wenzake walipanda desmodia, mmea wa jamii ya mikunde, kati ya mistari ya mahindi na nepia kuzunguka shamba, wakiwa wanatafuta dawa ya viwavi vya shina. Desmodia iliwafukuza nondo, nepia ikawavuta, na bila kutarajiwa kiduha kikatoweka: mizizi ya desmodia huzichochea mbegu za kiduha ziote na wakati huohuo huzizuia zisishike mahindi. Mpango huo, uitwao sukuma-vuta, ulifika Kisii pamoja na wilaya jirani, na sababu ya mkulima kuukubali mara nyingi ilikuwa ng'ombe. Desmodia na nepia vyote ni malisho. Aliyekuwa na ng'ombe au mbuzi wa maziwa alipata faida kwenye ndoo kabla ya kuipata kwenye ghala. Asiye na mnyama aliona ardhi inaliwa na majani.

La pili lilikuwa dawa. Kituo cha utafiti wa mahindi na ngano CIMMYT, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya KARI, taasisi ya Weizmann ya Israeli na kampuni ya BASF zilitoa katikati ya miaka ya 2000 mbegu ya mahindi inayostahimili kiuagugu cha imazapiri, ikiwa imepakwa dawa hiyo tayari, kiasi cha gramu 30 hivi kwa hekta. Iliuzwa kwa jina la Ua Kayongo. Hindi linapoota, dawa huua kiduha kinachojaribu kushika mzizi, bila bomba wala maji. Werevu wake ulikuja na masharti: mpandaji anapaswa kunawa mikono kabla ya kugusa mbegu nyingine, kwa kuwa vumbi lililobaki vidoleni huua maharagwe au mahindi ya kawaida, na mbegu hununuliwa upya kila msimu. Sukuma-vuta inataka kazi nyingi mwaka wa kwanza kisha inalipa kwa miaka. Ua Kayongo haikutaka kazi yoyote ya ziada, ila ilitaka fedha kila Februari. Familia maskini za mteremkoni mara nyingi hazikuwa na nguvu kazi ya ziada wala fedha hizo.

Glaifosati ndiyo iliyobadilisha mashamba ya kawaida. Monsanto ilianza kuiuza mwaka 1974 kama Roundup, lakini kwa mkulima mdogo ilikuwa ghali hadi haki za hataza zilipokwisha, kule Marekani mwaka 2000, na matoleo ya bei nafuu yakajaa katika maduka ya pembejeo. Tofauti na parakwati, hushuka na utomvu hadi kwenye vifundo vya sangari. Kwa mara ya kwanza gugu lililowashinda wanaume wenye jembe la meno liliweza kuuawa na kijana wa kukodishwa, anayelipwa kwa idadi ya mabomba anayojaza. Uhaba wa vibarua, vijana kwenda mijini, na wazee kubaki na mashamba peke yao vilimaliza hoja. Sheria ya kudhibiti bidhaa za kuulia wadudu na magugu ilikuwapo tangu 1982, na bodi ya PCPB ndiyo inayosajili dawa, lakini mafunzo ya mpulizaji yamebaki nyuma ya mauzo. Parakwati ilifungiwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka glaifosati katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu, uamuzi ambao mamlaka kadhaa za udhibiti zimeupinga. Mwaka 2019 ombi la kuondoa dawa hatari sokoni lilifikishwa katika Bunge la Kenya. Viwanda vya chai vilivyopata cheti cha Rainforest Alliance viliwakataza wakulima wao parakwati kabla serikali haijaamua lolote, kwa kuwa mnunuzi wa ng'ambo alidai hivyo.

Gharama ambayo haionekani kwenye bei ya chupa ni ya horini. Shamba lililopulizwa kabla ya kupanda halitoi gunia la kongwe wiki ya tatu. Mwenye ng'ombe anayeacha palizi anaokoa siku za kibarua na kupoteza malisho ya miezi miwili, ambayo sasa lazima ayanunue: nepia kwa mzigo, mabua ya jirani, chakula cha dukani. Hatari nyingine ni ya kukosa kuambiwa. Majani ya mpakani, yaliyopulizwa na jirani asubuhi, bado ni mabichi jioni, na anayekata kwa ajili ya ng'ombe hana namna ya kuyajua. Wakulima waangalifu wamepata suluhisho lao: hupuliza dawa kwenye mahindi na chai changa tu, huacha migomba na kingo zipaliliwe kwa mkono kwa ajili ya banda, na hukata malisho yote ya wiki kabla ya siku ya bomba.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, zaidi ya watu 950 kwa kilomita ya mraba katika kaunti ya kwanza. Malisho ya wazi yamebaki vipande vya Borabu, kingo za mito na viwanja vya shule. Wakulima wa Kigusii wanaotaka nafasi huvuka mpaka na kukodi ardhi Trans Mara, ambako mbuga ya Mmaasai hufunguliwa kwa plau na dawa, hulimwa mahindi misimu michache, kisha hurudishwa kwa mwenyewe na ng'ombe wake, mara nyingi ikiwa na magugu ambayo haikuwa nayo. Nyumbani, desmodia na brakiaria, nyasi iliyochukua nafasi ya nepia katika toleo jipya la sukuma-vuta linalostahimili ukame na lililoanza kusambazwa miaka ya 2010, vinapandwa kwenye vipande vidogo kando ya mahindi, na bomba la glaifosati huning'inizwa ukutani mwa banda lilelile la ng'ombe.